Karibu Si Pita

Mbwana Kallaghe alifika karakana ya kiini akiwa amevaa sare ya dereva wa treni, sare ambayo hakuwa tena na haki ya kuivaa. Alikuwa ameipiga pasi vizuri. Alimpita mlinzi wa getini kana kwamba ni nguzo, akapanda ngazi hadi chumba cha mwisho, akasimama mbele ya meza ya Mwantumu Shekalaghe.

"Ndiye wewe unayetunza hiki kidude kilichomo kifuani mwangu?"

Mwantumu hakuwa mtu wa kutikiswa na wageni. Kazi yake ilikuwa kutunza kiini, programu iliyoendesha pampu za moyo za nusu ya nchi, na wenye pampu walikuja kulalamika hapo Tanga kila walipoumwa, hata walipoumwa jino.

"Kifua ni chako, kaka. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Kidude chako kimenifukuzisha kazi."

Lusajo, fundi mwenzake Mwantumu, alivuta kiti akampa. Mbwana alikaa ukingoni mwa kiti, akaeleza. Alikuwa akiendesha treni ya Tanga kwenda Musoma. Tangu awekewe pampu, mara kwa mara alisikia sauti ndogo kwenye kidude cha sikioni kilichounganishwa nayo ikisema "Hodi." Naye akisema "Karibu," sauti inanyamaza, anaendelea na chai yake. Juzi mkuu wake katika Shirika la Treni za Nyanda alimwita ofisini akamwonyesha mchoro wa mapigo ya moyo wake. Kila treni ilipovuka daraja la Pangani, moyo ulikuwa ukiruka. Mkuu akasema dereva mwoga hawezi kubeba roho za watu, akamtaka arudishe funguo.

"Na ni kweli naogopa," alisema Mbwana. "Nimevuka daraja lile miaka yote nikiogopa, ndiyo maana sijawahi kulivuka kwa pupa. Lakini hofu yangu ni ya kwangu. Nani aliwaruhusu waingie?"

"Wewe," alisema Lusajo. Alikuwa kijana mwema, ila hakujua kupaka dawa kabla ya kuchoma sindano. "Sheria iko wazi, kaka. Hakuna programu inayoweza kuingia kwenye pampu mpaka mwenye kifua atamke karibu kwa mdomo wake mwenyewe. Mlango uliufungua wewe."

"Sasa mtu akinipigia hodi niseme nini? Niseme toka?"

"Ungeweza kunyamaza."

"Ninyamaze, mtu amesimama mlangoni kwangu? Wewe umelelewa wapi?"

Lusajo alikuwa anafungua kinywa kujibu pale sauti iliposikika kutoka korido. "Hodi humu!"

"Karibu!" walisema wote watatu. Mwantumu alisema macho yakiwa kwenye skrini. Lusajo alisema mdomo ukiwa umeshikwa katikati ya neno jingine. Mbwana, ambaye mwenyewe alikuwa mgeni humo na mgeni mwenye hasira, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bi Chausiku wa chai akaingia na chupa yake na vikombe. Akakuta watu watatu wametulia, wanamkodolea macho.

"Mbona mnanitazama hivyo? Kama ni tangawizi, imekwisha. Msinilaumu mimi."

Mwantumu alimgeukia Lusajo. "Umemkaribisha nani?"

"Bi Chausiku."

"Uliposema karibu ulijua ni Bi Chausiku?"

Lusajo alifikiri. Alikuwa mkweli, hilo tusimnyime. "Nimejua alipoingia," akasema.

Mwantumu alishika kichwa kwa mikono miwili.

*

Kiini ni ile programu ya ndani kabisa, inayokaa peke yake na chuma, yaani mashine yenyewe. Programu nyingine zote huishi nje yake, na haziruhusiwi kugusa redio, betri wala mota. Zikitaka chochote huomba kwa mwito. Kiini husikia mwito, hupima, kisha hutenda au hukataa na kutaja kosa. Hivyo anayebuni miito ndiye anayeamua ni nini kinaweza kuombwa duniani humo, na kwa maneno gani. Kisichokuwa na mwito hakipo.

Kwa mambo ya mtandao miito ilikuwa michache. *Soketi* ilimaanisha nipe tundu la kuzungumzia. *Sikiliza* ilimaanisha kaa mlangoni usubiri. Anayetoka nje aliita *hodi*, wa ndani akaita *karibu*, wakasomeana na kuandikiana mpaka mmoja aite *kwaheri*. Katika mashine za kawaida, karibu huitwa na programu yenyewe, nayo hukaribisha kila ajaye kama nyumba ya kulala wageni. Mafundi wa Tanga waliona hilo halifai kwa moyo wa binadamu. Wakaamua kwamba kwenye pampu mwito wa karibu usikamilike mpaka mwenye kifua alitamke neno hilo mwenyewe. Walisifiwa sana. Magazeti yaliandika kuhusu kiini chenye adabu, na watu wa nchi za mbali walikuja kupiga picha ubao wao.

Walisahau jambo moja tu, na ni watu waliokulia kwenye hodi tangu wakitambaa ndio wangeweza kulisahau. Karibu si jibu la swali. Ni itikio, kama marahaba. Hakuna mtu aliyeamkiwa shikamoo akakaa kitako kufikiri kama leo ana marahaba ya kutoa. Walitafuta ridhaa ya mtu, wakaiweka kwenye neno ambalo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kulizuia lisimtoke.

Jioni hiyo Mwantumu alifuta ubao wote. Mbwana hakuwa ameondoka. Alikuwa hana pa kwenda, na Bi Chausiku alishamzoea.

"Tutafute neno jingine," alisema Mwantumu. "Neno ambalo mtu halisemi bila kutaka."

"Kwetu Tukuyu," alisema Lusajo, "ukipiga hodi bibi yangu anasema karibu huko huko jikoni, mikono imejaa unga. Lakini huingii. Unasimama uani mpaka atoke, akuone, akuulize umetumwa na nani. Ndipo anasema pita."

"Rudia la mwisho."

"Pita."

"Kwetu pia," alisema Mbwana kutoka kwenye kona yake. "Karibu ni ya kila mtu. Pita ni ya yule aliyejieleza."

Mwantumu aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. Walifanya kazi siku kadhaa kwa furaha ya watoto waliopata mpira mpya. Karibu ilibaki, ila sasa ilimaanisha nimekusikia na nipo. Baada yake mgeni alilazimika kutaja jina na haja, na kiini, siyo mgeni, ndicho kilichomsomea mwenye kifua jina lile baada ya kulihakiki. Mpaka mwenyewe aseme pita, miito ya kusoma na kuandika ingerudi mikono mitupu. Walikijaribu kwa Mbwana. Kidude kikamwambia sikioni kwamba Shirika la Treni za Nyanda lipo mlangoni na linataka kusoma mapigo yake ya wiki nzima. Mbwana alijibu kwa tusi refu la Kibondei. Kiini hakikulielewa tusi lile, lakini kilihesabu kwamba si pita, kikafunga.

"Kinafanya kazi," alisema Lusajo.

Kisha akatazama juu ya mlango. Hapo palikuwa na maandishi yaliyopakwa rangi na mafundi wa kwanza wa karakana: USIVUNJE CHA JIRANI.

Hiyo ndiyo ilikuwa amri yao kuu, na hawakuwa na nyingine iliyoikaribia. Mwito ukishatolewa, watu hujenga juu yake. Hospitali, viwanda na mafundi usiowajua huandika programu zao wakiamini kwamba neno lako la jana ndilo la kesho. Ukibadili maana ya mwito, programu za watu huanguka bila wao kugusa kitu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo unaweza kuongeza mwito mpya ukipenda, lakini wa zamani huugusi.

"Tuongeze pita na tuiache karibu ya zamani ifanye kazi kama kawaida," alisema Lusajo.

"Na shirika la treni litatumia ipi?"

"Ya zamani," alikiri.

"Basi tutakuwa tumefunga mlango wa mbele na wa nyuma tumeuacha wazi."

"Tuwaruhusu wenye zahanati peke yao watumie ya zamani."

"Shirika la treni lina zahanati yake pale stesheni," alisema Mbwana. "Ndiyo iliyonipima macho."

Lusajo alifungua orodha ya programu zinazoita hodi na, zikisikia karibu, kuingia moja kwa moja. Nyingi zilikuwa na wenyewe, na wenyewe wangeweza kuzirekebisha kwa siku mbili tatu. Moja haikuwa na mwenyewe. Kampuni iliyoiandika ilishavunjika, na mashine inayoiendesha ilikuwa imefungwa kwa lakiri isiyofunguka, kama kaburi. Ilikuwa kwenye zahanati ya Kwemvumo, juu milimani Usambara, na kila alfajiri ilipita kwenye pampu za wagonjwa wa vijiji vya huko, moja baada ya nyingine, ikirekebisha mwendo wake. Mashine mpya iliahidiwa na wilaya. Ilikuwa inakuja. Ilikuwa inakuja tangu serikali iliyopita.

"Ikipewa jibu la 'subiri mlangoni' itafanya nini?" aliuliza Mwantumu, ingawa alijua.

"Haitalielewa. Itakata tamaa, itaondoka." Lusajo hakumtazama usoni. "Dada, si ndiko anakorekebishiwa pampu mama yako?"

"Ndiko."

Pampu ya aina ile ikikosa marekebisho siku moja, mtu huchoka. Ikikosa siku chache mfululizo, maji hujaa miguuni, kisha hupanda kwenye mapafu. Mwantumu alikuwa ameandika maneno hayo kwa mkono wake kwenye kitabu cha mafunzo, kwa lugha tulivu.

*

Bi Mwanamkuu alikuwa uani anachambua maharage alipomwona bintiye akishuka garini. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mlimani, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo hata muuguzi mwenye pikipiki alifika kwa manung'uniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, au ni hiyo nguo?"

"Ni nguo. Mama, kuna jambo nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

Mwantumu akaeleza yote. Alieleza habari za dereva na daraja, akaeleza karibu na pita. Akaeleza mashine ya Kwemvumo, na kwamba mabadiliko yakitoka haitaweza tena kuingia kwenye pampu yake. Muuguzi angepewa kishikwambi cha kurekebishia, ila kishikwambi redio yake haivuki chumba, na muuguzi hawezi kuzifikia nyumba zote kwa alfajiri moja. Wa karibu na zahanati angewafikia. Wa huku juu ilibidi watafutiwe njia. Alisema kuna hatari, akaitaja kwa jina. Mama yake aliendelea kutenga mawe.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mwanamkuu. "Fanya."

Mwantumu alihisi mabega yakishuka. Alijimiminia chai, akaweka sukari, akakoroga, na alipofikisha kikombe mdomoni raha ile ilikuwa imeshamtoka.

"Mama, umekubali nini?"

"Hayo uliyosema."

"Nimesema nini?"

"Si mambo ya pampu?"

"Mama!"

Bi Mwanamkuu aliweka ungo chini. "Kwani wewe umekuja kuniuliza, au umekuja kupiga hodi? Tangu unashuka garini nimeuona uso wako, unatafuta 'haya'. Nimekupa 'haya'. Sasa unataka na chenji?"

Mwantumu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa ametoka Tanga mpaka huku akijisifu moyoni kwamba yeye ni mtu wa kuomba ruhusa, na alichofanya ni kile kile cha shirika la treni. Alisimama mlangoni kwa mtu mwenye adabu akasubiri adabu ifanye kazi yake. Akishuka mlimani na 'haya' ile mfukoni, na mama akafa, angeitoa aionyeshe watu.

"Basi sikuombi tena," alisema. "Nakuambia. Nitaibadili karibu, kwa sababu watu wanaingiliwa mioyo yao na hawajui. Mashine ya Kwemvumo itakoma, na ni mimi nitakayekuwa nimeikomesha. Nitachukua likizo nije kukaa hapa, nikurekebishe mwenyewe kila alfajiri mpaka mashine mpya ifike. Likikupata lolote, ni mkono wangu, siyo haya yako."

Mama yake aliunyooshea ungo mkono.

"Hapo umezungumza kama mtu mzima," akasema, na kuurudisha ungo mapajani.

*

Kamati ya karakana ilibishana mchana kutwa. Wazee wa kazi walisema siku mkianza kuvunja cha jirani kwa sababu nzuri, kesho mtavunja kwa sababu ya hivi hivi. Mwantumu alikubali kwamba wana haki ya kuogopa. Alisema pia kwamba Mbwana Kallaghe naye ni jirani. Mwisho waliacha neno la mwisho kwa mtunza kiini, kama desturi yao ilivyotaka, na Mwantumu akatoa toleo jipya Ijumaa baada ya swala.

"Tumevunja," alisema Lusajo.

"Tumevunja," alisema Mwantumu. Hakutaka kutafuta neno laini zaidi.

Wagonjwa wa vijiji vya juu walihamishiwa kwa muda kwa ndugu zao karibu na zahanati, wawili wakinung'unika na mmoja akitukana. Muuguzi alipewa vishikwambi viwili na petroli. Bi Mwanamkuu peke yake alikataa kuhama, akasema ana kuku. Na kutoka Tanga Mbwana alipiga simu akicheka, kwamba shirika limepiga hodi kwake tena, likajitaja jina na haja kama mtoto wa shule, na yeye akaliacha limesimama nje. Kazi alikuwa hajarudishiwa. Chama cha madereva kilikuwa bado kinapigania.

Alfajiri ya kwanza Mwantumu alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, kishikwambi mkononi, akabonyeza.

"Karibu," alisema Bi Mwanamkuu macho yakiwa yamefumbwa, kama alivyosema kila alfajiri tangu awekewe pampu.

Kisha akafumbua macho. Alikuwa anasikiliza kitu sikioni.

"Kinasema Mwantumu Shekalaghe yupo mlangoni," akasema. "Kinasema anataka kubadili mwendo wa pampu yangu."

"Ndiyo mama. Ni mimi."

"Na nisiposema hilo neno?"

"Siingii."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Na wewe ndiye uliyekitengeneza."

"Hata hivyo, mama."

Bi Mwanamkuu alijiinua taratibu, akakaa kitandani, akaegemea ukuta. Alionekana mtu anayepima uzito wa kitu alichopewa mkononi.

"Yule wa mashine ya zahanati akiingia," alisema, "ulimi unakuwa kama nimelamba msumari. Kisha usingizi unanibeba mpaka adhuhuri. Kuku wanafunguliwa na watoto wa jirani. Asubuhi ya kwangu mwenyewe nimeisahau ilivyo. Lakini mtu wa watu amesimama mlangoni, utamwambia nini? Nasema karibu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza. Nawe ulikuwa unafurahi sana na kiini chako." Alivuta kanga mabegani. "Leo hapana, mwanangu."

Kwenye kishikwambi pakatokea maandishi: *Mwenyewe hajaruhusu.* Mwantumu ndiye aliyeyaandika maneno hayo, akiwaza uso wa mkuu wa treni atakapoyasoma.

Aliogopa, tena hofu ya kweli. Ndani ya kishikwambi kile kile mlikuwa na ufunguo wa majaribio, wa mafundi tu, unaopita kila mlango. Ulihitaji mstari mmoja wa amri. Mama yake asingejua. Angesikia tu ladha ya msumari, akalala, akaishi.

"Mama, ukikosa leo, na kesho ukakosa, na keshokutwa..."

"Kesho utapiga hodi tena. Au hujui kupiga hodi?"

"Utasema pita?"

"Sijui. Hiyo kesho nitaulizwa, sivyo?"

Mwantumu alikizima kishikwambi. Alikizima kabisa, akakiweka juu ya kabati. Bi Mwanamkuu alishuka kitandani, akavaa ndala, akampita mlangoni, akatoka uani kuwafungulia kuku. Jua lilikuwa linagusa ng'ambo ya kijito. Alisimama akalitazama kwa muda mrefu, mkono kiunoni, kisha akaita bila kugeuka.

"Njoo uniwashie jiko. Nataka kula kitu nikisikie ladha yake."

Mwantumu akaenda, akapanga kuni, akachochea. Mama yake alikaa kwenye kigoda mbele ya moto, akanyoosha miguu. Walizungumza habari za kuku, na muda wote Mwantumu alikuwa akivitazama vifundo vya miguu ile, akitafuta uvimbe.